Zimwi Lirudishiwe Mdomo Wake

Wanachuo wenzangu, naomba nianze na ugomvi.

Ijumaa moja muhula huu tulikaa wasichana sita kwenye vitanda viwili hosteli, tukiangalia Frankenstein ya Guillermo del Toro, ile iliyoingia Netflix Novemba 2025. Laptopu moja, spika yake inakoroma, na feni inapiga kelele kuliko muziki wa filamu. Ilipoisha hakuna aliyelala. Mwenzetu mmoja, shabiki sugu wa muvi za kutisha, alisema imemboa kabisa. "Zimwi gani linalialia hivi? Linaongea kama mtu aliyeachwa na mchumba! Zimwi kazi yake kutisha, basi." Mwingine, anayesoma fasihi, akatoa lile jibu ambalo wasomaji wa vitabu hutembea nalo mfukoni: kitabu ni bora kuliko filamu, siku zote, hakuna mjadala. Wakabishana mpaka saa saba usiku, jirani akagonga ukuta.

Mimi siku hiyo nilikaa kimya. Wanaonijua wanajua hilo si jambo la kawaida. Nilikuwa na sababu yangu, nitaieleza hapa, ila kwanza niseme msimamo wangu: wote wawili nawapinga.

Kuuliza kama kitabu ni bora kuliko filamu ni kama kuuliza kama embe ni bora kuliko juisi ya embe. Inategemea mtengenezaji alibakisha nini na alitupa nini. Na kwa hadithi za mazimwi, kitu cha kwanza kinachotupwa karibu kila mara ni mdomo wa zimwi. Linabakishiwa meno, kucha na urefu. Linanyang'anywa maneno. Mimi nasema hapo ndipo pa kuipimia filamu.

Tuanzie kwenye kitabu chenyewe. Mary Shelley alianza kukiandika mwaka 1816 akiwa na miaka 18, yaani mdogo kuliko wengi wetu tulipoingia mwaka wa kwanza. Kilichapwa London mwaka 1818 bila jina lake. Kinamhusu kijana msomi, Victor Frankenstein, aliyeunda kiumbe kutokana na viungo vya maiti, na kilipofumbua macho akaogopa sura yake akakikimbia. Angalia vizuri hapo. Frankenstein ni jina la muumbaji. Kiumbe hakupewa jina lolote, na sisi mpaka leo tunambandika jina la mtu aliyemtelekeza. Ni kama mtoto aliyekataliwa na baba yake halafu mtaa mzima ukang'ang'ania kumwita kwa jina la baba huyo huyo.

Sasa sehemu ambayo mwanafunzi wa elimu hawezi kuipita. Kiumbe huyu, baada ya kupigwa mawe kijijini, anajificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia maskini, akina De Lacey. Kupitia ufa wa ukuta anawasikiliza. Hajui neno hata moja. Kidogo kidogo anagundua kwamba zile sauti zina maana, anashika majina ya vitu, moto, maziwa, mkate, kuni. Anakuja mgeni, binti wa Kiarabu aitwaye Safie, ambaye anafundishwa lugha na kijana wa nyumba hiyo, na yule aliyeko nje ya ukuta anasoma naye somo hilo hilo bila wao kujua. Usiku anawaokotea kuni na kuwawekea mlangoni. Baadaye anaokota mkoba wenye vitabu, kimoja cha Milton, kimoja cha Plutarch, kimoja cha Goethe, anavisoma vyote. Nimekaa kwenye mihadhara ya saikolojia ya elimu mihula kadhaa, na sijakutana na mwanafunzi mwenye bidii kama huyu. Amesoma bila ada, bila dawati, bila mwalimu anayejua kwamba yupo.

Halafu anafanya mtihani wake wa mwisho. Anasubiri watu watoke, anaingia kuzungumza na mzee wa nyumba, ambaye ni kipofu. Mazungumzo yanakwenda vizuri. Wengine wanarudi, wanamwona, na kijana wa nyumba anamshukia kwa fimbo. Elimu yote ile ikaishia pale mlangoni. Mauaji yanafuata baada ya hapo, na kwenye kitabu ni yeye mwenyewe anayetusimulia, kwa sura kadhaa, kwa lugha nzuri kuliko ya msomi aliyemuumba.

Filamu ya 1931 ya James Whale ilifanya nini? Kwanza nikiri: naipenda. Boris Karloff, chini ya vipodozi vya Jack Pierce, aliweza kusema mengi kwa macho na mikono tu. Ile kichwa bapa na zile skrubu shingoni zimeingia vichwani mwa dunia nzima, hata mtoto asiyejua kusoma anaijua sura ile. Lakini tazama kilichotupwa. Kiumbe haongei, ananguruma tu. Kwenye majina ya waigizaji mwanzoni mwa filamu, mahali pa jina la anayeigiza zimwi pamewekwa alama ya kuuliza. Na kubwa kuliko yote, wameongeza kisa cha ubongo: msaidizi anatumwa kuiba ubongo mzuri, unamdondoka, anabeba ubongo wa mhalifu.

Msomaji, hapo hadithi imegeuzwa kichwa chini. Kwenye kitabu, kiumbe anaharibika kwa namna alivyotendewa. Kwenye filamu kuna nafasi ya kusema amezaliwa hivyo, ubongo ndio mbovu, hakuna wa kulaumiwa. Mwishoni wanakijiji wanamfuata na mienge mpaka kwenye kinu cha upepo na kukichoma, nasi watazamaji tunakimbia pamoja nao, kwa sababu hatujawahi kumsikia.

Whale mwenyewe ni kama aliliona pengo hilo. Mwaka 1935 alitengeneza Bride of Frankenstein, na humo zimwi linafundishwa maneno machache na mzee kipofu anayeishi peke yake msituni. Kwangu mimi zile dakika chache ni bora kuliko vurugu zote za mienge.

Sasa sababu yangu ya kukaa kimya siku ile.

Mwaka jana nilikuwa fildi, shule moja ya kata mkoani, nikifundisha Kiingereza kidato cha pili. Darasani kulikuwa na mvulana mwenye kovu la moto lililoanzia shavuni likashuka mpaka shingoni. Nilisikia aliungua akiwa mdogo. Darasa zima lilimwita Zombi. Wiki ya kwanza niliita majina kwa daftari la mahudhurio, nikalisoma jina lake vizuri. Wiki ya tatu nilikuwa nagawa daftari za mazoezi huku muda umekwisha, nikasema, "Zombi, chukua lako." Darasa likacheka. Na yeye akacheka. Nikajiambia, si anacheka? Basi hana shida, ndio utani wao. Kuanzia siku hiyo nikawa namwita hivyo, na nikajiona mwalimu kijana anayeelewana na wanafunzi wake.

Hakuwahi kunyoosha mkono. Kwenye kumbukumbu zangu za tathmini niliandika mbele ya jina lake maneno mawili: "Hashiriki darasani." Kama ule ubongo wa kwenye chupa, kasoro nikaiweka ndani yake.

Wiki ya mwisho nilikuwa na kipindi cha ziada, mada zimeisha, nikaamua kuwasimulia Frankenstein, ya kitabu, kwa Kiingereza chepesi kilichochanganywa na Kiswahili chetu. Walitulia sana. Nilipofika kwenye yule mzee nikasimama nikauliza: kwa nini kiumbe alichagua kuzungumza na kipofu kwanza? Kimya. Halafu mkono mmoja ukanyooka kule nyuma. Akasimama, akasema kwa Kiswahili, "Madamu, kwa sababu huyo atamsikia kabla hajamwona."

Lilikuwa jibu bora kuliko nililoandika mimi mwenyewe kwenye mtihani wa mwaka wa pili. Wenzake wakapiga makofi na kelele. Na mimi, kwa furaha kabisa, nikasema, "Safi sana, Zombi!"

Akakaa. Kengele ikalia. Nilianza kulielewa nililofanya nikiwa kwenye basi narudi chuoni.

Kwa hiyo mtu akisema mbele yangu kwamba zimwi kazi yake ni kutisha tu, sina haraka ya kucheka.

Najua mtanijibu nini. Mtasema, wewe unataka mazimwi yote yakae kwenye kochi yaeleze utoto wao, muvi igeuke ushauri nasaha. Na je, Godzilla? Mbona haongei na bado ni mfalme?

Hoja nzuri, nayo ndiyo inayonisaidia kuliko zote. Godzilla ya kwanza, ya Ishiro Honda, ilitoka Japani Novemba 1954. Machi mwaka huo huo Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya Bikini, na majivu yake yakaiangukia meli ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryu Maru, iliyokuwa na watu 23. Mmoja wao alifariki Septemba. Hiroshima na Nagasaki zilikuwa na miaka tisa tu tangu ziungue. Mtazamaji wa Tokyo aliyemwona yule mnyama akitoka baharini na pumzi ya moto hakuhitaji maelezo. Alijua ametokea wapi na nani amemwamsha. Ndani ya filamu yumo pia mzee mwanasayansi anayesikitika kwamba watu wanataka kumwua tu, hawataki kumwelewa, na mwishoni anaonya kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea, mwingine atakuja. Godzilla hasemi neno, lakini filamu nzima ni mdomo wake.

Halafu mwaka 1956 filamu hiyo ikatolewa Marekani baada ya kukatwakatwa. Akapachikwa mwandishi wa habari wa Kimarekani, aliyeigizwa na Raymond Burr, mazungumzo mengi kuhusu mabomu yakapunguzwa, na lile onyo la mwisho likaondolewa. Mnyama ni yule yule na miguu ni ile ile, lakini kilichobaki ni mjusi mkubwa anayebomoa mji. Ndiyo maana nasema mdomo ninaoudai hapa si lazima uwe wa maneno. Natafuta jibu la swali moja: huyu ametokea wapi, na nani ana deni naye? Godzilla Minus One ya 2023 ilikumbuka swali hilo, ikamrudisha mnyama wake kwenye Japani iliyotoka vitani ikiwa hoi. Ikachukua Oscar ya madoido ya picha, lakini mimi iliniliza kwa mambo mengine.

Kwenye sizoni nako ugonjwa ni huo huo. Wadau wa Game of Thrones, najua kidonda hakijapona. Tulingoja miaka minane tangu 2011 kuambiwa kwamba majira ya baridi yanakuja na wafu wanakuja nayo. Mfalme wao, Night King, hayumo kwenye vitabu vya George R. R. Martin vilivyochapishwa mpaka sasa. Ni zao la televisheni. Mwaka 2016 tulionyeshwa kwamba zamani alikuwa mtu, akafungwa kwenye mti na kuchomwa kifuani ageuzwe silaha. Nikasema haya sasa, tutamsikia! Mwaka 2019 Arya akamchoma kisu, akapasuka kama barafu, kwisha habari. Hakuwahi kutamka hata neno moja. Watu wengi wanalalamikia giza la kipindi kile, eti hawakuona vita. Mimi nalalamika kwamba hata taa zingewaka zote, kulikuwa hakuna cha kujua. Linganisheni na Penny Dreadful, sizoni ya 2014 hadi 2016, ambamo kiumbe wa Frankenstein aliyeigizwa na Rory Kinnear ni msomaji wa mashairi na muuaji kwa pamoja. Huyo bado namfikiria. Night King simfikirii hata kidogo.

Na tusidhani ni mambo ya wazungu na Wajapani tu. Zimwi la hadithi za bibi lilikuwa linaongea tangu zamani. Yule aliyemtia msichana ndani ya ngoma akawa anazunguka naye vijijini, ngoma iimbe, apewe chakula, yule alikuwa na maneno matamu na hesabu zake. Tulimwogopa kwa sababu tulimsikia. Hata kibanda umiza nilikokulia, watafsiri wa muvi walikuwa wanawapa wanyama maneno. Nakumbuka King Kong ya Peter Jackson, mtafsiri akimsemea yule sokwe juu ya jengo refu New York: "Nimewakosea nini? Si mlinifuata nyumbani kwangu?" Kibanda kizima tukacheka, kisha tukanyamaza. Yule kaka hakuwa na shahada, alikuwa na maiki mbovu tu, lakini alitafsiri kitu ambacho hakikuandikwa kwenye filamu na kilikuwemo.

Turudi kwa del Toro, maana sijamaliza. Filamu yake imegawanywa: Victor, anayeigizwa na Oscar Isaac, anasimulia upande wake, kisha Kiumbe, Jacob Elordi, anasimulia wake. Hilo peke yake linanitosha kuipenda. Lakini nina lawama, na hapa nakubaliana kidogo na rafiki yangu aliyeboreka. Del Toro amempenda mno kiumbe wake. Kwenye kitabu, kiumbe anamnyonga mtoto mdogo, William, mdogo wake Victor, na baadaye anamwua Elizabeth usiku wa harusi. Kwenye filamu Elizabeth anakufa kwa risasi ya Victor. Damu imefutwa mikononi mwa kiumbe, ikahamishiwa kwa baba yake. Matokeo yake ni rahisi mno kumhurumia.

Mary Shelley hakuturahisishia hivyo. Alitulazimisha kumsikiliza mtu aliyeua mtoto, tumsikilize mpaka mwisho, tumwelewe, na bado tusimsamehe kama hatuwezi. Kusikiliza si kuachia huru. Hakimu husikiliza, na baada ya hapo anaweza kufunga. Anayechoma bila kusikiliza ni lile kundi la mienge. Kama zimwi linastahili kusikilizwa kwa sharti la kuwa malaika kwanza, basi hatujalirudishia mdomo, tumelibadilisha sura tu. Kwa hiyo del Toro nampa alama B, si A. Whale nampa A ya picha na sup ya hadithi. Night King amedisco.

Kwa rafiki yangu wa fasihi: usiseme tena kwamba kitabu ni bora siku zote. Sema kilichotupwa ni nini, nasi tutakusikiliza. Kwa rafiki yangu wa muvi za kutisha: zimwi linaloongea linatisha zaidi, kwa sababu kuna wakati linakuwa na hoja na wewe huna jibu. Mimi sikuwa na jibu kwenye basi lile.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wengi tunautumia usemi huu tunapotaka kubaki na ubaya tuliouzoea. Siku hizi nausikia upande wa pili. Na wewe unapolijua zimwi, humli ukammaliza.

Julai narudi fildi, shule nyingine. Wale wa elimu mnaokwenda mara ya kwanza, ushauri wangu hauhusu andalio la somo, hilo mtafundishwa. Soma daftari la mahudhurio mpaka majina yakae kichwani, na wiki ya tatu uwe bado unayatumia. Yule mvulana sikumwomba radhi. Nimeandika barua mara mbili kupitia mwalimu wake wa darasa, na mara mbili nimeichana, maana kila nikiisoma naona inanisafisha mimi kuliko inavyomsaidia yeye. Nitaandika ya tatu, fupi, na itaanza na jina lake.

Ana jina zuri. Silitaji hapa kwa sababu si la kuwekwa gazetini bila ruhusa yake. Ila nalijua.